Madirisha ya Darasa ni Kinga: Tuelewe Maambukizi ya Njia ya Hewa Shuleni

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kutokana na UVIKO-19, na wanafunzi wa shule za msingi hawakurejea madarasani hadi tarehe 29 Juni mwaka huo. Waliporejea, walipokelewa na ndoo za maji tiririka na sabuni. Ndoo hizo zina faida kubwa, kwani huzuia pia kuhara na kipindupindu. Hata hivyo, kunawa mikono pekee hakuwezi kuzuia ugonjwa unaosafiri hewani.

Mtu anapopumua, kuzungumza, kuimba au kukohoa hutoa matone ya majimaji. Makubwa huanguka karibu naye. Madogo, yasiyoonekana kwa macho, hubaki yakielea. Darasa likifungwa, matone hayo hurundikana kama moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha: hata aliyeketi mbali na mafiga, macho humuwasha. Ndiyo sababu kuachanisha madawati peke yake hakutoshi, iwapo hewa ya chumba haibadilishwi.

Mfano unaojulikana ni wa kwaya moja katika Kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Mwezi Machi 2020 watu 61 walihudhuria mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi, mmoja wao akiwa na dalili. Baadaye watu 53 kati yao walithibitika au kudhaniwa kuwa na UVIKO-19, na wawili walifariki dunia.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena, lakini hewa ya darasani bado ni suala la afya. Kirusi cha surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Vimelea vya kifua kikuu, ingawa ni bakteria, hupita njia hiyo hiyo.

Habari njema ni kwamba kinga iliyo nafuu kuliko zote tayari imejengwa katika kuta za shule zetu. Utafiti uliofanyika katika hospitali za jiji la Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionesha kuwa kufungua milango na madirisha kulibadilisha hewa ya vyumba mara 28 kwa saa, kiwango kinachozidi mara 18 kile cha vyumba vilivyofungwa. Majengo ya zamani yenye dari za juu na madirisha makubwa yalipitisha hewa vizuri kuliko mapya. Darasa letu la kawaida, lenye madirisha pande mbili, linaweza kunufaika kwa namna hiyo hiyo, mradi madirisha hayo yafunguke.

Hapo ndipo penye changamoto. Yapo madarasa ambayo madirisha yake yamezibwa kwa mbao au matofali kwa hofu ya wizi, vumbi au mvua. Hofu hizo zina msingi, lakini zina ufumbuzi. Nondo humzuia mwizi bila kuzuia hewa. Matofali huzuia vyote viwili. Wakati wa mvua, yafungwe madirisha ya upande unaopigwa na upepo, na ya upande wa pili yabaki wazi.

Walimu na kamati za shule wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Madirisha ya pande zote mbili yafunguliwe kabla ya wanafunzi kuingia, ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine.

2. Makabati, mabango na madawati yaliyorundikwa yasizibe madirisha. Nyavu za mbu zisafishwe vumbi mara kwa mara.

3. Wakati wa mapumziko wanafunzi wote watoke nje. Kwaya, mijadala na mikutano ya shule ifanyike uwanjani au chini ya miti inapowezekana.

4. Katika mabweni madirisha yasifungwe yote usiku, na vitanda vipangwe ili vichwa vya wanaolala visikabiliane.

5. Mlipuko unapotokea, barakoa zivaliwe kwa kufunika pua na mdomo.

Shule inaweza kujipima bila kifaa cha gharama. Wanafunzi wakiwa wameondoka, mwalimu awashe kijiti cha udi katikati ya darasa na kuutazama moshi. Ukielekea dirishani na kutoweka upesi, hewa inapita. Ukisimama na kutanda, darasa hilo linahitaji marekebisho.

Wazazi nao wana wajibu. Mtoto mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani, mwalimu wa darasa apewe taarifa, na mtoto apelekwe zahanati. Kikohozi kinachoendelea kwa wiki mbili au zaidi kinahitaji uchunguzi wa kifua kikuu.

Kamati ya shule yenye madirisha yaliyozibwa inaombwa kuyaorodhesha na kuwasilisha orodha hiyo kwa Afisa Mtendaji wa Kata, ili marekebisho yaingizwe katika mipango ya ukarabati. Kufungua dirisha hugharimu kidogo. Kufunga shule, kama tulivyoona mwaka 2020, kuliwagharimu watoto wetu zaidi ya miezi mitatu ya masomo.