Rangi ya kaki ya askari wa 1914 haipatikani katika kichupa kimoja

SANAMU ya Askari, iliyosimama katikati ya jiji la Dar es Salaam tangu mwaka 1927, imetengenezwa kwa shaba. Mpita njia huona bunduki, mkao wa vita na umbo la sare, lakini haoni rangi ya nguo aliyovaa askari huyo alipopigana kati ya 1914 na 1918.

Kwa wapenzi wa sanaa ya kupaka rangi visanamu vya wanajeshi, hilo ndilo swali la kwanza. Kisanamu chenye kimo cha milimita 54 hutoka kiwandani kikiwa kitupu, na ni juu ya mpakaji kuamua askari huyo avikwe rangi gani.

Wengi hununua kichupa kilichoandikwa kaki na kupaka kikosi kizima. Matokeo yake ni safu ya askari wanaofanana kama sahani za seti moja, jambo ambalo halikupata kuonekana katika vita ya Afrika Mashariki.

Chanzo cha tatizo ni kaki yenyewe. Neno hilo lilitokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi au udongo, likapitia India hadi kuingia katika Kiswahili. Katika miaka ya 1840, kikosi cha Guides kilichoundwa na ofisa Mwingereza Harry Lumsden huko Peshawar kilianza kuvaa nguo za pamba zilizotiwa rangi ya vumbi ili askari wasionekane kwa urahisi.

Rangi hizo za awali zilichuja. Mwaka 1884, Frederick Albert Gatty wa Accrington, Uingereza, alisajili njia ya kutia kaki isiyochuja upesi kwa kufua wala kwa jua. Hata baada ya hapo, kila kiwanda na kila jora la kitambaa lilikuwa na kaki yake, kuanzia ile inayokaribia njano hadi inayoelekea kijani au kahawia.

Kwa sababu hiyo, wapakaji wenye uzoefu huchanganya rangi wenyewe. Mchanganyiko mmoja wa kuanzia ni matone matano ya njano ya udongo, matatu ya nyeupe na moja la kahawia iliyoiva. Ukiongezwa kahawia, hupatikana kaki ya nguo mpya; ukiongezwa nyeupe, hupatikana nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni kutumia nyeusi ili kufifisha rangi. Njano ikikutana na nyeusi hugeuka kuwa kijani kichafu. Ni afadhali kutumia kahawia, au tone dogo la zambarau, ambayo hupunguza ukali wa njano bila kuipeleka kwenye kijani.

Aidha, rangi ya akriliki aghalabu hukoza ikikauka. Ni busara kuijaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki, kusubiri ikauke na kuitazama mchana, kwani mwanga wa taa ya umeme unaweza kuipotosha.

Jambo la pili ni ukubwa wa kisanamu. Kisanamu cha kipimo cha 1 kwa 32 kikitazamwa kutoka sentimita 30, huonekana sawa na mtu aliye umbali wa karibu meta 10. Kile cha 1 kwa 72 huwa kama mtu aliye umbali wa zaidi ya meta 21. Kwa kuwa rangi za vitu vilivyo mbali hufifia machoni, wapakaji wengi huongeza nyeupe kidogo kadiri kisanamu kinavyokuwa kidogo. Rangi iliyolinganishwa barabara na kipande cha sare halisi huweza kuonekana nzito mno juu ya kisanamu.

Vilevile, mikunjo ya nguo ndogo haitoi kivuli cha kutosha. Kivuli hutengenezwa kwa kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi na kuachwa itiririke katika mikunjo. Kisha sehemu zilizoinuka hupitishiwa brashi iliyokaribia kukauka, yenye kaki nyepesi zaidi. Mabega na mgongo hupewa rangi iliyopauka kwa jua, na chini ya mkanda hubakizwa rangi ya awali.

Hata hivyo, ufundi huo hausaidii iwapo mpakaji hajui historia ya anayempaka. Askari wa King's African Rifles, walioitwa Keya na wenyeji, walizungushia miundi yao vitambaa vya bluu iliyokoza, na wengi walikwenda miguu mitupu. Bluu hiyo nayo huhitaji tone la kahawia, kwani bluu tupu hung'aa kama kitu cha kuchezea.

Kwa upande wa Wajerumani, mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilipoufunga mwambao mwaka 1915, nguo kutoka Ulaya ziliadimika, na watu wa ndani ya koloni wakaanza kusokota na kufuma pamba wenyewe.

Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920 kwamba rangi iliyofaa zaidi ilitokana na mizizi ya mti uitwao ndaa. Ilitoa kahawia yenye unjano, isiyoonekana kwa urahisi nyikani wala vichakani. Mdaa ni mti unaojulikana pia na wasusi wa mikeka, ambao hutumia mizizi yake kutia rangi ukindu.

Kwa askari wa kipindi hicho, kaki ya kichupa haifai. Mchanganyiko wa kuanzia huongezwa matone mawili ya kahawia na moja la njano, na hubadilishwa kidogo kwa kila kisanamu, kwa kuwa hakuna vyungu viwili vilivyotoa rangi moja. Baada ya Novemba 1917, kikosi hicho kilipovuka Mto Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, kilitumia pia nguo na silaha za adui. Walioweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, hawakuwa tena na sare moja.

Wanaosahaulika zaidi ni wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao cha upande wa Waingereza. Katika seti nyingi za visanamu huwa wachache au hawamo kabisa, na wakiwamo hupakwa kaki kama askari, ilhali wengi wao walivaa vitambaa vyao wenyewe. Kwao mpakaji huanza na nyeupe, akaichafua kwa kahawia na kijivu hadi ifanane na shuka iliyotembea miezi mingi chini ya mzigo.