Kolwezi: Ukuta wa shimo ukipasuka, acha mfuko utoke

Kwa wachimbaji wa mikono wa Lualaba, hatari haingoji mvua. Tarehe 27 Juni 2019, katikati ya kiangazi, udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi, ukaua watu zaidi ya 35. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, daraja la muda lilianguka na kuua wasiopungua 32. Eneo lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua.

Sheria inakataza kuchimba kupita mita 30, lakini hata shimo fupi hufukia. Mmoja abaki juu akiangalia. Ukiona ufa, vijiwe vikidondoka au maji yakichuruzika ukutani, toka mara moja. Nyumbani wanakungoja wewe, si mfuko wa madini.