Kinywa kinachotafuna pasi na tonge: tusimdhanie vibaya mgonjwa

Katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, mtu mzima aketiye msikitini akisubiri adhana ya alasiri, huku kinywa chake kikienda kana kwamba kinatafuna, hakosi kunyooshewa vidole. Wapo watakaonong'ona kuwa amekula mchana. Wapo watakaosema kuwa ana shetani. Ni wachache watakaouliza: je, ndugu yetu huyu anatumia dawa gani, na ameitumia kwa muda gani?

Swali hilo ndilo tunalolileta leo katika ukurasa huu wa familia. Zipo harakati za mwili ambazo mwenye nazo hazikusudii, na ambazo chanzo chake si jini, si ulevi wala si dharau, bali ni dawa alizozitumia kwa miezi au miaka. Madaktari huziita tadivu diskinezia, yaani harakati zinazochelewa kujitokeza.

Dawa zinazohusika zaidi ni zile za maradhi ya akili. Ya kwanza, klopromazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa hao mjini Paris mwaka 1952. Zikafuata nyingine, zikiwemo haloperidoli na sindano ya flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa. Dawa hizi ni neema, kwani zimewarejesha wengi majumbani na makazini mwao. Hata hivyo, kabla ya muongo ule kwisha, madaktari wa Ulaya walikwisha kuona wagonjwa ambao midomo na ndimi zao hazitulii.

Ndani ya ubongo mna kemikali iitwayo dopamini, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuratibu mwendo wa viungo. Dawa hizi huziba milango inayoipokea. Inadhaniwa kuwa milango hiyo, ikizibwa kwa muda mrefu, huwa myepesi kupita kiasi wa kuitikia, na viungo vikaanza kujiendea vyenyewe.

Dalili zake ni ulimi kuchomoza na kurudi, midomo kunyonya au kutafuna, macho kupepesa mno, na vidole kuchezacheza mfano wa anayevuta tasbihi. Harakati hizo huzidi mgonjwa anapokuwa na wasiwasi na hutoweka akilala. Kwa kuwa anaweza kuzizuia kwa kitambo kidogo, watu hudhani kuwa anafanya makusudi. Wakati mwingine yeye mwenyewe hana habari nazo.

Si dawa za akili peke yake. Metoklopramidi, inayotolewa kuzuia kutapika, nayo imo. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali, ikitaka isitumiwe zaidi ya wiki 12. Walio katika hatari zaidi ni wazee, wanawake na wenye kisukari.

Familia zifanye nini? Kwanza, zisimwachishe mgonjwa dawa ghafla. Maradhi yaliyotulia huweza kurejea kwa nguvu, na harakati zenyewe zikazidi. Pili, zisinyamaze, kwani kadiri siku zinavyopita ndivyo hali inavyokuwa ngumu kurekebika. Tatu, zisimwongezee Artane kwa kubahatisha. Dawa hiyo humsaidia aliyekakamaa au kupinda shingo kwa sababu ya dawa, lakini huweza kuzidisha harakati hizi tunazozieleza.

Linalotakiwa ni kurudi kwa daktari mapema. Yeye ndiye atakayepima kama apunguze kipimo taratibu au abadilishe dawa, kwa mfano kumpa klozapini. Tangu mwaka 2017 zipo pia dawa mbili zilizoidhinishwa Marekani mahsusi kwa hali hii, valbenazini na deutetrabenazini.

Nyumbani, kila baada ya miezi michache, mketisheni mgonjwa wenu, mikono magotini. Mwambieni afumbue kinywa, ulimi ukiwa umetulia ndani, kisha agusishe kidole gumba na vidole vingine kimoja kimoja. Tazameni ulimi, midomo na miguu. Mkiona jambo, lirekodini kwa simu, kwa ridhaa yake, mkamwonyeshe daktari.

Kisomo cha Qur'ani ni faraja kwa mgonjwa, wala hatukipingi. Tunachokipinga ni kumkatiza dawa ili asomewe, ilhali Mtume wetu (S.A.W.) alituelekeza kutafuta tiba. Kisomo na dawa havigombani.

Dini yetu imetukataza dhana mbaya kwa mwenye afya. Vipi basi kwa mgonjwa, ambaye tayari amebeba mzigo wa maradhi na sasa anaongezewa wa dawa? Asiachwe peke yake safuni, wala asifichwe chumbani wageni wajapo. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.