Kweli au si kweli? Kauli saba kuhusu filamu za viwanda vya nguo

Anayetaka kuonesha mtaani filamu ya makala kuhusu washonaji wa viwandani husikia maneno mengi kabla hata hajapata projekta. Mengine hutoka kwa wanaozipinga filamu hizi, mengine kwa sisi tunaozipenda. Yote yanastahili kupimwa, kwa sababu onyesho likijengwa juu ya dhana potofu, watu huondoka na huzuni wasiyojua waifanyie nini.

1. "Tatizo ni kwamba watu hawajui. Wakioneshwa tu, mambo yatabadilika."

SI KWELI. Jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, wengi wao wakiwa washonaji wanawake. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa na ofisi humo iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji nao waliogopa, lakini wasimamizi waliwaamuru warudi kazini, na mtu anayehofia kukatwa mshahara hupanda ngazi hata miguu ikikataa. Katika viwanda vitano vya jengo lile, hakuna hata kimoja kilichokuwa na chama cha wafanyakazi. Habari walikuwa nayo. Walichokosa ni nguvu ya kusema "hatuingii" bila kuadhibiwa.

Mei mwaka huohuo, mashirikisho ya wafanyakazi IndustriALL na UNI yalitia saini na kampuni za mavazi makubaliano ya usalama wa moto na majengo, yanayojulikana kama Accord. Miaka mingi kampuni zilikuwa zikitoa ahadi za hiari na kujikagua zenyewe. Safari hii zilifungwa na mkataba wa kisheria, na mshonaji akapewa haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari. Kampuni zaidi ya 200 zilijiunga, na viwanda zaidi ya 1,500 vikakaguliwa. Onyesho linalokomea kwenye vifusi, bila kueleza mkataba huu ulipatikanaje, limewanyima watazamaji sehemu wanayoihitaji zaidi.

2. "Hayo ni ya Bangladesh. Sisi hayatuhusu."

SI KWELI. Kenya ina sheria ya maeneo maalumu ya uzalishaji wa kuuza nje, EPZ, tangu 1990, na mpango wa biashara wa AGOA ulioanzishwa na Marekani mwaka 2000 ulivuta viwanda vingi vya nguo hadi Athi River. Wengi wa wanaoketi kwenye cherehani huko ni wanawake. Idadi ya vipande vya kukamilisha kila siku, saa za ziada na mikataba ya muda mfupi ni mambo wanayoyajua bila kusimuliwa na filamu. Na nguo zilizoshonwa Asia, zikishavaliwa Ulaya na Marekani, hutufikia ndani ya marobota ya mitumba katika masoko ya Gikomba, Nairobi, na Karume, Dar es Salaam.

3. "Filamu yenye msimamo wa kisiasa ni propaganda."

NUSU KWELI. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema za elimu uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulipeleka lori la sinema Tanganyika na nchi jirani. Filamu zake zilifundisha kilimo, afya na kuweka akiba. Hazikuitwa za kisiasa, ingawa zilimwelekeza Mwafrika namna ya kuishi chini ya mkoloni. Kila filamu ina mahali iliposimamishwa kamera, na mwenye kamera ndiye aliyechagua.

Kuwa na upande hakumfanyi mtu kuwa mwongo, lakini hakumwondolei wajibu wa kuthibitisha. Mfano ni dai kwamba sekta ya nguo ni ya pili duniani kwa kuchafua mazingira, baada ya mafuta. Lilienea sana miaka ile ilipotoka filamu ya The True Cost ya Andrew Morgan, mwaka 2015. Waandishi walipofuatilia chanzo chake, hawakupata takwimu za kulibeba. Mwandaaji anayewaheshimu watazamaji huwaambia hilo waziwazi, kwani mateso ya washonaji ni makubwa ya kutosha na hayahitaji chumvi.

4. "Filamu hizi zinaonesha watu wanyonge wanaosubiri kuokolewa."

SI KWELI. Zipo zinazokomea kwenye machozi, na mwandaaji anaweza kuziacha. Made in L.A. ya Almudena Carracedo, iliyotoka 2007, inawafuata wahamiaji watatu wanawake, washonaji wa Los Angeles waliodai haki yao kwa duka la Forever 21. Kampuni ilisema si mwajiri wao, kwa kuwa walishonea wakandarasi. Wakagoma kunyamaza: waliandamana, wakaenda mahakamani, kesi ikatupwa, wakakata rufaa ikarudishwa. Baada ya kampeni ya miaka mitatu, mwaka 2004, pande zote zilifikia mapatano. Udita, ya mwaka 2015, nayo inawaacha wanawake wa vyama vya washonaji Bangladesh wasimulie wenyewe, bila msimulizi wa nje kuwasemea.

Filamu za namna hii humpa mtazamaji mambo mawili: nani anadaiwa, na wenzake walimdai vipi.

5. "Watu wetu hawataelewa. Lugha ni ya kigeni."

SI KWELI. Kwenye vibandaumiza, yaani vibanda vya video vya Tanzania, sauti ya mtafsiri Lufufu ilifanya filamu za kigeni zieleweke na kila aliyelipa kiingilio. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina mafundi wake wa kutafsiri papo kwa papo. Ujuzi huu tunao tayari. Kinachohitajika ni mtafsiri aitazame filamu mapema, aandae maneno ya kazi ya kiwandani, na ajizuie kuongeza mbwembwe pale mfiwa anapozungumza.

6. "Nikishainunua, naweza kuionesha popote."

SI KWELI. Kununua nakala ya kutazama nyumbani ni jambo moja, na haki ya kuonesha hadharani ni jingine. Mwandikie mtayarishaji: eleza ni kikundi gani, watu wangapi, na kama kuna kiingilio. Baadhi hutoa ruhusa kwa ada ndogo kwa vikundi vya jamii. Kisha angalia masharti ya nchi yako kwa Bodi ya Filamu Tanzania, au kwa bodi ya uainishaji wa filamu Kenya. Jua pia kwamba mfanyakazi akionekana na msimamizi wake katika onyesho kama hili, anaweza kupoteza kazi. Usipige picha za watazamaji bila idhini, wala usimwinue mtu ataje kiwanda chake mbele ya umati.

7. "Tukitoka hapa, tususie nguo hizo."

INATEGEMEA NANI AMEOMBA. Wale washonaji wa Los Angeles wenyewe ndio waliotangaza mgomo wa wanunuzi, kwa hiyo kuwaunga mkono kulikuwa kuitikia wito wao. Baada ya Rana Plaza, vyama vya Bangladesh vilitaka jambo tofauti: kampuni zibaki, zitie saini, zilipe. Sekta ile ilikuwa ikiajiri watu takriban milioni nne, na kampuni kuhama kungewaacha bila mshahara wale waliookoka.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua filamu, zungumza na chama cha wafanyakazi kilicho karibu nawe. Uliza wanadai nini mwaka huu na wanamdai nani, kisha tafuta filamu inayolingana na dai hilo. Mwalike mshonaji anayetaka kuzungumza, mlipie nauli na muda wake, na umpe kipaza sauti kabla ya mtaalamu yeyote. Watazamaji wakisikia ombi lenye jina la anayedaiwa na tarehe ya kulijibu, wataondoka wakiwa na kazi ya kufanya, na waliowaomba wafanye kazi hiyo watakuwa wenye madai yenyewe.