Bei ya Chini Hulipwa na Nani?

Mwenye duka la jumla Mbinga mjini akifungua la pili Mbamba Bay na la tatu Liuli, watu husema amepanuka. Kwa hesabu za rejareja, bado ameongeza milango tu. Maduka ya bei nafuu huanza kuwa mtandao pale mzigo wa milango yote unaponunuliwa kwa pamoja, na aliyeuza mzigo akakubali kusubiri pesa yake.

Bei ya chini inatoka kwenye kusubiri huko. Tuseme sukari inaisha rafuni kwa siku 10, na msambazaji analipwa baada ya siku 60. Kwa siku 50 mwenye duka anazungusha pesa isiyo yake: ananunua mzigo mwingine, analipa pango la tawi jipya. Faida ya kila mfuko inaweza kuwa kiduchu na bado akakua.

Kenya wameyaona haya kwa familia zaidi ya moja. Supamaketi ya Nakumatt ya kina Shah, iliyoanzia kwenye magodoro mjini Nakuru, ilifikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mwaka 2014 ilichukua hata maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Pesa ya wasambazaji ikawa ndiyo mtaji wa kufungulia matawi. Mauzo yalipolegea, malipo yakakwama, mzigo ukaacha kuja, na mteja hana subira na rafu tupu. Mwaka 2020 wadai walipiga kura ya kuifunga, madeni yakiwa yamepita shilingi bilioni 30 za Kenya. Tuskys, waliyoachiwa watoto wa Joram Kamau, ikapita njia hiyohiyo, tena na ugomvi wa ndugu juu yake.

Naivas, iliyoanzishwa na Peter Mukuha Kago mwaka 1990, nayo iliona ndugu wakipelekana mahakamani mwaka 2013 ilipotaka kuuza hisa kwa kampuni ya Massmart. Ikavuka. Kwa maoni yangu kilichoibeba ni kupokea wawekezaji wa nje mwaka 2020, kisha kampuni ya IBL ya Mauritius na wenzake mwaka 2022. Upanuzi ukapata pesa ambayo mwenyewe anakaa kikaoni na kuuliza maswali. Msambazaji wa unga haitwi kikaoni.

Huku Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, deni linatembea kinyume. Mwenye duka hulipia mzigo taslimu Songea, au Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 900, kisha humkopesha mkulima. Fungua daftari la duka la kijijini mwezi wa tatu: sukari robo, sabuni nusu mche, chumvi, mafuta vipimo viwili, na jina la mama fulani lisilopigwa mstari. Mstari utapigwa kahawa ikishavunwa, ikapita mnadani, na chama cha ushirika (AMCOS) kikalipa. Miezi yote hiyo mtaji umelala daftarini. Bei ya juu ambayo wanakijiji huiita wizi, sehemu yake ni riba isiyotajwa.

Ukishuka kwa lami kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, pesa ina kalenda nyingine. Usipa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mapato hushuka. Mvuvi hukopa kwa wiki chache, mkulima kwa msimu. Familia yenye duka mlimani na jingine ziwani ina mifuko miwili isiyokauka siku moja: mauzo ya ziwani yanalipia mzigo wa Mbinga mwezi wa tatu, na pesa ya kahawa inajaza ghala la Mbamba Bay. Hapo ndipo msambazaji ataanza kuwasikiliza wakiomba siku 30, kwa kuwa anaona watalipa kwa wakati.

Hata hivyo punguzo lenyewe linaweza kumpita mnunuzi. Ukishusha lita ya mafuta kwa shilingi 200, anayepimiwa ya shilingi 500 hatarudishiwa chenji yoyote. Kwake bei imeshuka pale tu kipimo kinapoongezwa, na supamaketi zinazouza chupa zilizofungwa hazina kipimo cha kuongeza.