Ndugu ni kufaana: chama cha wanafunzi kilichozaliwa Cornell mwaka 1906

Nilipoingia mwaka wa kwanza, wakubwa walituita «mableu». Kwa majuma mawili tulipigishwa magoti, tukaimbishwa nyimbo za aibu, tukamwagiwa maji machafu, na kila jioni tuliambiwa kwamba hiyo ndiyo njia ya kuwa ndugu. Jirani yangu wa chumba, kijana aliyetoka mbali na asiye na jamaa mjini, alivumilia yote. Miezi mitatu baadaye alikosa pesa ya minerval, akafunga sanduku lake, akarudi kwao. Kati ya wale ndugu wapya hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Mimi pia sikumwuliza.

Nilimkumbuka mwaka huu nilipokuwa nikitayarisha kazi juu ya vyama vya wanafunzi vya Marekani. Nilikutana na hesabu ndogo iliyonisimamisha: sita. Wanafunzi sita weusi waliosoma katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka wa masomo 1904-1905 hawakurudi mwaka uliofuata. Wenzao waliobaki waliziona nafasi zao tupu, wakajiuliza wafanye nini ili wasipungue tena. Jibu lao liliitwa Alpha Phi Alpha. Ningependa kueleza chama hicho kilianzaje na nani anaingia humo, kwa sababu naona kinatuhusu.

Kwanza, neno lenyewe

Kifaransa kinatupa neno «fraternité», nasi tunalifasiri «undugu», yaani hali ya kuwa ndugu. Wamarekani walichukua neno la mzizi uleule wa Kilatini, lakini kwao, katika chuo, ni jina la kitu: chama cha wanafunzi wa kiume chenye sheria, michango, siri, na mara nyingi nyumba yake. Kwa hiyo nitasema «chama cha undugu». Kiswahili kina undugu wa damu, kina pia undugu wa kuchanjiana, ambao watu wasiozaliwa pamoja wanaufunga kwa kiapo. Vyama hivi viko karibu zaidi na huo wa pili.

Na kwa nini herufi za Kigiriki? Desturi hiyo inatoka Virginia, katika chuo cha William and Mary, ambako Phi Beta Kappa ilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776. Kilikuwa chama cha mijadala na cha fasihi. Herufi zake tatu ni mwanzo wa maneno matatu ya Kigiriki yenye maana kwamba kupenda hekima ndiko kunakoshika usukani wa maisha. Vyama vilivyofuata viliiga jina la namna hiyo, hata vile ambavyo havikujali sana vitabu.

Duara la kusoma linageuka chama

Cornell iko Ithaca, mji mdogo wa jimbo la New York. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanafunzi weusi huko walikuwa wachache sana. Vyama vya undugu vya wazungu havikuwapokea. Baadhi yao waliingia katika nyumba za vyama hivyo kama watumishi wa mezani tu, ili kupata pesa ya masomo. Wengi waliishi kwa familia za weusi mjini, na ni katika nyumba za namna hiyo walipoanza kukutana mwaka wa masomo 1905-1906. Walisoma pamoja, walijadili vitabu, walisaidiana kutayarisha mitihani.

Kisha swali likazuka: wabaki duara la fasihi, au wawe chama cha undugu kama vile vya wazungu? Upande wa chama ulishinda, na tarehe 4 Desemba 1906 ndiyo inayohesabiwa siku ya kuzaliwa kwake. Waanzilishi ni saba: Henry Arthur Callis, Charles Henry Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Biddle Kelley, Nathaniel Allison Murray, Robert Harold Ogle na Vertner Woodson Tandy. Callis alikuja kuwa daktari. Tandy akawa msanifu majengo. Jones aliongoza kwa miaka mingi shirika la National Urban League, lililowatafutia weusi kazi na makao mijini.

Mwaka 1907 chama kilifungua matawi Howard na Virginia Union. Kila tawi lilipewa herufi: Cornell ni Alpha, Howard ni Beta, na kuendelea, alfabeti ilipokwisha, herufi zikawekwa mbilimbili. Herufi moja tu haikupewa chuo chochote. Omega, ya mwisho, ni tawi la waliokufa. Mwanachama akifariki, wenzake husema amehamia Omega. Maana yake ni kwamba hakuna anayetoka; hata kaburini jina lako lina tawi.

Nani anaingia?

Anayeomba kuingia anatazamwa alama zake za masomo na tabia yake, na wanachama wanasema kama wanamkubali. Ni chama cha wanaume. Wanafunzi wa kike wa Howard walianzisha chao, Alpha Kappa Alpha, mwaka 1908. Uanachama ni wa maisha yote: tangu 1911 kuna matawi ya waliokwisha kuhitimu, la kwanza likiwa Louisville, Kentucky. Katika miaka ya 1940 chama kilifungua mlango kwa wasio weusi pia. Humo waliingia W. E. B. Du Bois, Paul Robeson na Thurgood Marshall. Martin Luther King aliingia mwaka 1952, akiwa mwanafunzi Boston. Jiwe lake la ukumbusho huko Washington, lililozinduliwa mwaka 2011, lilianza kama wazo la wanachama wenzake.

Chama hakikuishia kwenye karamu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1910 kiliendesha kampeni ya kuwahimiza vijana weusi wamalize sekondari na waingie chuo. Sita waliopotea Ithaca walikuwa bado wanakumbukwa kwa njia hiyo.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningenyamazia upande mwingine. Hata ndugu hawa walianza kupima undugu kwa maumivu. Mwaka 1989 kijana mmoja wa chuo cha Morehouse, huko Atlanta, alikufa katika mateso ya kuingizwa chamani. Mwaka 1990 vyama vikubwa vya weusi vilifuta rasmi kipindi cha majaribio cha wanaoingia. Mateso hayakwisha, yalijificha. Chama kilichoundwa ili mtu asipotee masomoni kilikuwa kimempoteza mtu mlangoni pake.

Na sisi?

Mabachiko yetu kwa «bleusaille» tuliyarithi kwa Wabelgiji, na mutualite zetu zinatukusanya kwa jimbo, kwa wilaya, hata kwa kabila. Mtu anaweza kusema: kila nchi na desturi yake. Sawa. Lakini wahenga walikwisha kutupa kipimo: ndugu ni kufaana, si kufanana. Silabi moja ndiyo inayotenganisha maneno hayo mawili, na sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kuisikia. Kutoka wilaya moja ni kufanana. Kupakwa matope siku moja ni kufanana. Kufaana kunaanza pale mtu anapohesabu nafasi tupu.

Kwa hiyo ninapendekeza jambo dogo kwa promosheni yetu. Mwanzoni mwa kila mwezi, wawili kati yetu wapitie orodha ya majina, watazame nani hajaonekana kwa majuma mawili, wamtafute: kwa simu, kwa mguu, kwa jirani yake. Hatutaweza kulipa minerval ya kila mtu. Tutaweza angalau kujua ni nani anayefunga sanduku, na kumwuliza anakwenda wapi.