Ndege Wageni wa Ziwa Letu

Mwezi Machi kando ya ziwa huko Geita mbayuwayu hujipanga kwenye nyaya, tayari kurudi Ulaya. Watoto na wawatazame, pamoja na furukombe na mnandi wetu wa kila siku. Manati tunayakataa.

Januari 2017, upande wa Uganda wa ziwa hili hili, ndege wa porini walikufa kwa mafua ya ndege. Kuku na bata nao wakaambukizwa. Basi ndege aliyeokotwa amekufa si kitoweo, hata siku ya ugali mkavu. Msimshike kwa mikono mitupu. Mwiteni bwana mifugo.

Kweleakwelea waliopuliziwa dawa wasiliwe kamwe, moto hautoshi kuondoa sumu. Aliyewala akitokwa jasho na mate mengi, aletwe hospitali mara moja.